Kiraka Bila Mwisho ni Sheria Mpya

(Mada niliyowasilisha kwenye kikao cha vijana wa tawi letu. Nimeiacha karibu kama nilivyoisema.)



Najua mlitegemea binti wa sheria aje na Katiba mkononi. Leo nimekuja na kompyuta. Vumilieni kidogo, tutafika tu.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, wa kwanza kuamka siyo Windows wala Linux. Inaamka femuwea, programu ambayo kiwanda kimeiweka kwenye bodi ya mashine. Yenyewe inaamsha vifaa, halafu inakabidhi mashine kwa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Makabidhiano hayo yana kanuni zilizoandikwa, zinaitwa UEFI. Sasa, kanuni kuandikwa ni jambo moja na kufuatwa ni jingine. Hilo kwenu siyo geni.

Femuwea nyingi zimefungwa. Huoni ndani, na huwezi kurekebisha. Kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991, iko wazi kwa yeyote kuisoma. Kwa hiyo kosa linafanyika kiwandani, lakini kiraka kinashonwa kwenye kerneli, kwa sababu mwenye mashine anachotaka ni iwake. Haki hiyo? Siyo. Lakini ukimwambia mtu "kosa siyo letu" huku mashine yake imezima, hujamsaidia kitu.

Nichukue mifano miwili tu.

Wa kwanza. UEFI inasema kerneli ikishatangaza kwamba imepokea mashine, sehemu ya kumbukumbu iliyokuwa ya huduma za kuwashia inakuwa mali yake. Zikapatikana femuwea zinazorudi humo hata baada ya makabidhiano. Ni kama mpangaji aliyehama na kurudisha funguo, halafu usiku unamkuta jikoni anatafuta sufuria. Kama kerneli imeshapanga vyombo vyake pale, mashine inaanguka. Mwaka 2011 Linux ikapokea kiraka: sehemu ile isiguswe kwanza, mpaka femuwea imalize hatua ya kuhamia anwani mpya za kumbukumbu. Ikimaliza, kerneli inachukua kilicho chake. Mnaona? Msamaha umetolewa, lakini siku ya kuisha imo humohumo ndani ya msamaha.

Wa pili, mwaka 2013. Baadhi ya laptopu za Samsung zilikufa kabisa baada ya kuwashwa kwa Linux. Haziwaki tena, zimekuwa tofali. Kila mtu akanyooshea Linux kidole. Baadaye Matthew Garrett, mmoja wa watengenezaji wa Linux, akaonyesha kwamba hata ukiwa ndani ya Windows unaweza kuiua mashine ileile: jaza tu ghala dogo ambamo femuwea inatunza mipangilio yake. Kosa lilikuwa la femuwea.

Linux ikaweka kinga: hakuna kuandika humo kama ghala litazidi nusu. Salama, siyo? Hapana. Kuna mashine nyingine, nzima kabisa, ambazo ghala lao lilikuwa limeshapita nusu. Hizo zikazuiwa kuandika hata kitu halali, ikiwemo taarifa ya kuwashia mfumo mpya. Kiraka cha kumzuia mkosaji kikawabana wasio na kosa. Ikabidi kinga ipunguzwe, ibaki akiba ndogo tu ya takriban kilobaiti 5.

Ndiyo maana pale kiraka hakipiti kwa kupigiwa makofi. Mkaguzi anauliza: Tatizo ni lipi, na umelieleza kwa maandishi? Ni mashine zipi hasa? Kama ni modeli moja, viraka vingi vya aina hii vinataja jina la kiwanda na modeli, wakati mwingine hadi toleo la femuwea, ili jirani asiguswe. Kinaisha lini? Na nani anasimama nacho? Tangu mwaka 2004 kila kiraka kinabeba sahihi ya aliyekileta. Tena kerneli ina alama maalumu ya kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba hii ni hitilafu ya femuwea. Inamvumilia mkosaji, lakini haimfichi.

Makamanda, sasa tuje nyumbani.

Jumamosi tunapigia kura rasimu ya kanuni za uchaguzi wa ndani. Kuna kifungu kinasema kwamba kwa kuwa madaftari ya matawi yana kasoro, kamati ya uchaguzi inaweza kuongeza au kuondoa majina ya wapiga kura "pale itakapoona inafaa". Kasoro zipo, sibishi. Majina yamejirudia, waliohama bado wamo. Kiraka kinahitajika. Ila kikagueni hiki kama wale wanavyokagua.

Kasoro ipi? Haijatajwa. Daftari lipi? Yote, hata ya tawi lililojaza vizuri. Mwisho lini? Hakuna. Nani anasaini jina likifutwa? Hakuna.

Sisemi kamati ina nia mbaya. Wengi ni rafiki zangu, wamekaa humu. Lakini sheria haiandikwi kwa kuangalia sura ya aliyepo ofisini leo. Sisi tunazunguka nchi nzima tukilalamikia mamlaka yasiyo na mipaka. Tukiyaandika wenyewe kwa mkono wetu, kesho tutasimama jukwaa gani?

Napendekeza marekebisho manne. Kasoro zitajwe: jina lililojirudia, aliyehama, aliyefariki. Mabadiliko yahusu daftari lenye kasoro hiyo tu. Kila jina linaloguswa liwe na sababu na sahihi, na orodha ibandikwe ofisi ya tawi siku 7 kabla ya kura, ili mtu apinge. Na kifungu kife chenyewe matokeo yakitangazwa. Tukikihitaji tena, tutakileta tena hapa, mchana kweupe.

Rasimu mnayo kwenye simu zenu. Isomeni kabla ya Jumamosi, msije kunyoosha mikono kwa mazoea.