Dawa ya Deni ni Kulipa
(Hotuba ya kamati ya tawi mbele ya wanachama na wazee wa Tseikuru)



Sisi wa kamati ya tawi tumepewa kazi ya kusema leo juu ya askari wa zamani na shukrani wanayostahili. Tulipotangaza habari hii sokoni, baadhi yenu mlituuliza: Chama cha wafanyakazi kina shauri gani na askari? Yeye si mwanachama, halipi ada, wala haji katika mikutano yetu. Ni swali la haki, na yafaa tulijibu kwanza.

Askari ni mfanyakazi. Ameajiriwa, apewa amri, apokea mshahara, na mwisho wa kazi angojea kiinua mgongo na pensheni kama karani au dereva yeyote. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye hana chama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Lakini kifungu cha 24 cha Katiba hiyo hiyo charuhusu sheria impunguzie askari haki hizo. Hatupingi jambo hilo. Mtu mwenye bunduki akigoma, hatari yake si kama ya mtu mwenye jembe. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kambi ya Lanet karibu na Nakuru waliasi, na mojawapo ya manung'uniko yao lilikuwa mshahara. Majeshi ya Waingereza yaliitwa kuwazima, na baadhi ya waasi wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Hakuna kati yetu anayetaka mambo hayo yarudi. Lakini ikiwa tumemkataza askari asijisemee angali kazini, hapana budi awepo wa kumsemea akishavua sare. Ndiyo sababu chama chetu kina shauri naye.

Sasa tulitazame deni lenyewe, maana ni la zamani kuliko sisi sote tulioko hapa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, Wajeremani walikuwa upande wa Tanganyika na Waingereza huku kwetu. Barabara za magari hazikuwako, na mahali pengi ng'ombe na punda walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo risasi, dawa na posho vilichukuliwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 serikali ilikusanya watu kwa nguvu, na Ukambani haukuachwa. Kutoka Kenya walikwenda wapagazi zaidi ya 150,000. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Kariakoo, na jina lake lingaliko mpaka leo katika mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wakadiriwa kuwa karibu 95,000. Waliopigwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, homa, baridi na unga uliopikwa vibaya.

Walishukuriwaje? Mwaka 1919 serikali ilianza mpango wa kuwagawia mashamba ya Kenya askari wa Kizungu waliotoka vitani. Mwafrika naye, katika miaka hiyo hiyo, alifungwa kipande shingoni. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Ukienda Nairobi, katika barabara iitwayo leo Kenyatta Avenue, utaona sanamu tatu za shaba za kuwakumbuka askari na wapagazi wale. Ni sanamu nzuri, lakini hakuna jina la mtu hata mmoja. Mwezi wa Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita. Mjane wa mpagazi hakuwako kuisikia radhi hiyo, wala mwanawe.

Vikaja Vita vya Pili. Wakenya wapatao 98,000 waliingia jeshini, na Wakamba walikuwa wengi katika Keya. Walipigana na Waitaliani huko Uhabeshi mwaka 1941, wakaenda Bukini mwaka 1942, na mwaka 1944 wakavuka bahari kwenda Burma kupigana na Wajapani katika msitu na matope. Si wote waliofika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na manowari ya Wajapani ikazama kwa dakika chache. Watu 1,297 walikufa, na mamia yao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Katika vita hivyo risasi haikuchagua rangi, lakini malipo yalichagua. Hati zilizotangazwa magazetini mwaka 2019 zaonyesha kwamba kiinua mgongo cha kuachia jeshi kilipimwa kwa rangi, na Mzungu aliweza kupewa hata mara tatu ya kile alichopewa Mwafrika wa cheo kile kile. Mwaka 2018 Serikali ya Uingereza ilitangaza msaada wa pauni karibu milioni 12 ili askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola na wajane wao walio maskini wapate chakula. Ni vyema. Lakini kijana aliyeacha jeshi mwaka 1945 akiwa na miaka ishirini alikuwa amefika miaka tisini na mitatu.

Wanachama wapya yafaa pia mjue kwamba chama cha wafanyakazi katika Kenya chadaiwa na watu wale. Bildad Kaggia alikuwa karani wa jeshi katika Vita vya Pili, akafika Mashariki ya Kati na Uingereza. Aliporudi hakukubali tena kwamba Mwafrika ni mtu wa chini; akaacha kazi yake, akaongoza chama cha makarani, na mwaka 1953 akafungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Haki tunazozitumia leo kukaa hapa bila kibali cha D.C. zina jasho la askari wa zamani ndani yake.

Ndugu zetu, ni rahisi kumlaumu Mwingereza. Lakini tangu tarehe 12 Desemba 1963 jeshi ni letu, na deni ni letu. Vijana wetu walipigana vita vya Shifta mpaka mwaka 1967, na sisi tunaokaa karibu na mto Tana hatuhitaji kuelezwa maana ya vita hivyo. Walitumwa na Umoja wa Mataifa kulinda amani huko Namibia mwaka 1989 na Sierra Leone baadaye. Mwezi wa Oktoba 2011 waliingia Somalia, na tarehe 15 Januari 2016 wengi waliuawa katika kambi ya El Adde. Tangu mwaka 2012, tarehe 14 Oktoba imekuwa siku ya kuliadhimisha Jeshi. Na mwaka 2022 Kenya ilipata sheria ya kuwaangalia wanajeshi waliostaafu. Sheria ni njema, lakini haipandi matatu ikaja Tseikuru yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuifuata.

Hapa twataka kuwaeleza habari moja ambayo ndiyo iliyoamsha kamati. Mwaka huu alitujia mama mmoja, mjane wa dereva wa jeshi. Hatutamtaja jina, kwa heshima yake. Tulimwambia, "Mwaitu, keti," akaketi, akafungua mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na karatasi za mumewe za kuacha jeshi, safi kabisa, zimekunjwa kwa kitambaa. Alikuwa amesafiri mara nne kwenda katika ofisi moja. Kila mara alirudishwa kwa sababu jina la marehemu katika karatasi za jeshi lilipishana na jina la kitambulisho kwa herufi moja. Nauli ya safari ya mwisho aliipata kwa kuuza mbuzi. Alitueleza pia kwamba katika sikukuu moja aliitwa mbele ya watu, akasifiwa kwamba ni mke wa shujaa, akapigiwa makofi. Siku ya pili yake alikwenda kuchota maji katika kisima cha mchangani kama kawaida, na hakuna aliyemwuliza amekula nini.

Karani wetu alimwandikia barua, akampeleka kwa Chifu, kisha kwa wakili kula kiapo kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Mpaka leo jibu halijaja, na hatutaki kuwadanganya kwamba tumekwisha shinda. Lakini tulijiuliza: ikiwa siku mbili za karani zilitosha kuondoa kikwazo cha safari nne, kwa nini tulingoja mpaka mama yule akauza mbuzi?

Mwanachama mmoja alisimama katika kamati akapinga, na neno lake lastahili kusikiwa. Alisema kwamba askari ndio waliotumwa kuwatisha wafanyakazi. Alikumbusha mgomo mkubwa wa Nairobi wa mwezi wa Mei 1950, baada ya kukamatwa kwa Makhan Singh na Fred Kubai, wakati serikali ilipopitisha magari ya deraya katika mitaa ya Waafrika. Ni kweli, na historia hiyo hatutaifuta. Lakini aliyetoa amri hakuwa yule aliyebeba bunduki. Tukisema kwamba mtu aliyetumwa vibaya asilipwe ujira wake, tutakuwa tumempa kila mwajiri njia ya kutunyima sisi pia. Wala hatusemi kwamba vita ni vizuri, au kwamba askari ni bora kuliko mwalimu au mchimba barabara. Twasema kwamba aliyefanya kazi alipwe, na aliyekufa kazini, watu wake wasisahauliwe.

Kwa hiyo kamati yaleta kwenu mashauri manne, nanyi mtayapigia kura leo kwa kuinua mikono.

La kwanza, tufungue daftari la majina ya askari wote wa zamani na wajane wao katika Tseikuru, kuanzia wa Keya hadi wa Somalia, walio hai na waliokufa. Wazee watusaidie kukumbuka. Wapagazi walikosa jina katika shaba. Wasilikose katika daftari la kwao.

La pili, wanachama walio makarani na walimu wakae ofisini kwetu kila siku ya soko, waandike barua, wajaze fomu na kunakili hati za watu hawa bila malipo.

La tatu, kila mwanachama atoe shilingi hamsini kwa mwezi, ziwe nauli ya mzee au mjane aendaye Mwingi, Kitui au Nairobi kudai haki yake. Hesabu itasomwa mbele ya mkutano.

La nne, tukizungumza na waajiri, tuwatake wauhesabu ujuzi wa jeshini kuwa ujuzi. Aliyeendesha lori la jeshi miaka mingi asianzishwe kama mtu ambaye hajapata kushika usukani.

Ndugu Wanachama, kupiga makofi si kubaya. Wazee wakipita siku ya sikukuu, tusimame na tupige. Lakini Waswahili walisema kwamba asante ya punda ni mateke, na sisi tusijifanye punda kwa mtu aliyetubebea mzigo. Walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Mama mwenye mkebe yuko hapa leo, ameketi kati yenu. Kabla ya kuinua mikono, kila mtu na amfikirie.

Umoja ni nguvu.