MRI na Diski za Kiuno: Kinachoonekana na Kinachouma



Hoja yangu leo ni moja. Kwa mgonjwa wa maumivu ya kiuno, picha ya MRI ina thamani pale inapojibu swali ambalo daktari amelipata kwa kumsikiliza na kumpima mgonjwa. Ikipigwa bila swali, huleta majibu ya kitu kingine.

Diski iliyo kati ya pingili na pingili ina kiini laini chenye maji mengi, kilichozungushiwa tabaka za nyuzi ngumu. Kwa mtu mzima haina mishipa ya damu ila kidogo sana pembezoni, na chakula chake hupenya polepole kutoka kwenye mifupa ya juu na chini yake. Ndiyo maana ikichakaa hairudi ilivyokuwa. Umri ukisogea kiini hukauka na nyuzi hupata nyufa. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio kupokea ishara za haidrojeni, ambayo mwilini imo kwa wingi ndani ya maji. Kwa hiyo katika picha za T2 diski yenye maji hung'aa na iliyokauka huwa nyeusi. Madaraja matano ya uchakavu wa diski ya Pfirrmann na wenzake, ya mwaka 2001, yamejengwa juu ya mabadiliko hayo.

Lakini weusi huo haupimi maumivu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Jensen na wenzake, huko Marekani, waliwapiga MRI watu 98 wasio na maumivu ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na diski iliyovimba angalau sehemu moja, na asilimia 36 tu ndio waliokuwa na diski zote nzima. Mapitio ya Brinjikji na wenzake ya 2015, yaliyokusanya watu 3,110 wasioumwa, yalikadiria uchakavu wa diski kuwa asilimia 37 katika umri wa miaka 20 na asilimia 96 katika miaka 80. Katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa waliokuwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni walipigwa picha tena baada ya mwaka mmoja: diski iliyochomoza ilionekana kwa asilimia 35 ya waliopata nafuu, na asilimia 33 ya wasiopata. Matokeo haya ya mwisho ndiyo yanayonishughulisha zaidi, kwa sababu hawa walikuwa wagonjwa kweli.

Sisemi kwamba picha na maumivu havihusiani kabisa. Kwa watu wa miaka 50 au chini ya hapo, diski iliyochomoza na mabadiliko ya Modic ya aina ya kwanza, yaani maji ya uvimbe ndani ya mfupa wa pingili, huonekana zaidi kwa wanaoumwa. Ila kwa mgonjwa mmoja aliye mbele yako, hilo halitoshi kuthibitisha chanzo.

Madhara ya kuichukua picha kuwa ndiyo chanzo tunayaona kliniki. Mama aliyeambiwa pingili zake zimesagika huogopa kuinama, huacha jembe, hulala kitandani. Na kulala huko ndiko kunakomdhoofisha. Tena amelipia kipimo hicho fedha ambazo zingemlipia mazoezi ya tiba kwa muda mrefu.

Yupo, hata hivyo, mgonjwa ambaye kumchelewesha ni hatari. Ganzi ya makalio na sehemu za siri, mkojo kuziba, miguu kuishiwa nguvu: huyo anahitaji MRI siku hiyo hiyo. Kwetu Afrika Mashariki nasisitiza kifua kikuu cha uti wa mgongo. Homa za jioni, kukonda, maumivu yasiyotulia usiku, na hasa kwa anayeishi na VVU, visipite bila kuchunguzwa. MRI huonyesha uvimbe ndani ya mfupa na jipu kando ya pingili mapema, wakati eksirei bado inaweza kuonekana safi. Vivyo hivyo kwa mwenye historia ya saratani ya matiti au tezi dume.

Wenzangu mnaoomba kipimo, andikeni kwenye fomu maumivu yanashukia wapi, msuli gani umelegea na mnashuku nini. Nanyi mnaosoma picha, mkikuta diski nyeusi kwa mtu wa miaka 60, ongezeni sentensi moja kwamba hali hiyo ni ya kawaida kwa umri wake, ili daktari na mgonjwa waisome pamoja.