Kuuza Nyumba si Kuuza Kuku

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo)

Leo tuzungumze juu ya kuuza nyumba hapa kijijini. Najua wengine mtasema, "Mimi siuzi nyumba yangu." Vizuri. Lakini ugonjwa huingia, ada ya shule hudaiwa, mvua hukosekana, na siku hiyo mtu huuza haraka haraka. Anamwita mnunuzi, wanakubaliana chini ya mwembe, pesa zinahesabiwa, kwisha. Hakumwuliza mtu. Ati, "Nyumba ni yangu mwenyewe, nimwulize nani?"

Kuku ukimwuza kwa hasara, utafuga mwingine. Nyumba je? Utalala wapi?

Tuangalie bei kwanza. Mnunuzi huja amejitayarisha. Amekwisha kuuliza bei katika vijiji vitatu. Wewe muuzaji umeuliza wapi? Unaijua shida yako tu. Yeye anataja shilingi 1,500,000, nawe unaona ni utajiri kwa sababu hujapata kushika fedha nyingi hivyo kwa mara moja. Basi shika kalamu. Tuseme nyumba ina mabati 40, na dukani bati moja ni shilingi 25,000. Hiyo ni shilingi 1,000,000. Tuseme ina matofali ya kuchoma 6,000, kila moja shilingi 100. Hiyo ni shilingi 600,000. Jumla ni 1,600,000. Tayari tumempita mnunuzi, na bado hatujahesabu milango, ujira wa fundi, choo, miembe, wala kiwanja chenyewe. Kweli mabati yako yamezeeka, punguza. Lakini upunguze wewe kwa hesabu, asikupunguzie yeye kwa maneno. Hizi bei ni za mfano tu. Za kwenu kaziulizeni dukani, na kwa fundi, na kwa jirani aliyeuza mwaka jana.

Sasa, hiyo nyumba ni yako peke yako kweli? Kinababa, hapa nisikilizeni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume au mke asiiuze nyumba wanamoishi bila mwenzake kukubali, hata kama yeye ndiye mwenye nyumba. Wala asiiweke rehani. Mtu akiuza kwa siri wakati mkewe yuko kilioni kwao, mama akirudi anaweza kwenda kushtaki. Mnunuzi naye atadai fedha zake, nazo zimekwisha kuliwa. Hapo baba amebaki na kesi mbili, moja ya nyumbani na moja ya nje.

Na ukoo je? Nyumba nyingi zimesimama juu ya ardhi ya mababu, na makaburi yako nyuma ya jiko. Iko kesi moja ya Mkoa wa Kagera ambayo wanasheria huitaja mpaka leo. Mama mmoja alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akashtaki, akidai mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Kesi ikapanda ngazi mpaka Mahakama Kuu kule Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa wa haki kabisa. Lakini kuna kipande ambacho watu hukisahau. Yule ndugu alipewa miezi sita ya kuikomboa ardhi ile kwa kurudisha shilingi 300,000, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa mwanamume pia, akiuza ya ukoo bila ukoo kuridhia. Basi kabla ya kuuza, waite wazee mkae. Huenda hata mnunuzi akatoka humo humo.

Mkishaelewana nyumbani, nendeni kwa Halmashauri ya Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Halmashauri iarifiwe na iridhie kabla ya ardhi ya kijiji kuhamishwa. Wako wanaodhani inatosha mwenyekiti kugonga muhuri jioni nyumbani kwake. Haitoshi. Neno lipite katika kikao na liandikwe katika muhtasari. Ukidaiwa ada yoyote, dai stakabadhi. Mahakama zimekwisha kubatilisha mauzo ya ardhi ya kijiji yaliyokosa kibali cha Halmashauri.

Tufike kwenye karatasi. Hapa ndipo kisomo chako kinapopimwa. Mara nyingi mnunuzi huja na karatasi aliyoiandika mwenyewe mjini, akasema, "Mzee, tia dole gumba hapa." Zamani tulitia. Sasa unajua kusoma, basi isome yote, hata kama watu wanangoja na chai inapoa. Tafuta mipaka. Ikiwa imeandikwa "nyumba na eneo lake", uliza, eneo lipi? Mpaka kwenye mnazi au mpaka mtoni? Maneno hayo mawili yanaweza kubeba na shamba lako la mihogo. Iandikwe kwa hatua au kwa mita, na majina ya majirani wa kila upande, nao wawe mashahidi. Makaburi na njia ya kwendea kisimani viandikwe pia. Usipoelewa neno, usione haya. Ipeleke kwa msaidizi wa kisheria, au ofisi ya ardhi ya wilaya, kisha urudi kesho. Mnunuzi asiyeweza kungoja mpaka kesho, mimi simwamini.

Kuhusu fedha, jihadhari na malipo ya vipande vipande. Mtu hulipa nusu, akahamia, akanyamaza. Ikiwa lazima iwe hivyo, andikeni tarehe ya kila malipo, na kwamba funguo hazitoki mpaka shilingi ya mwisho. Fedha zikabidhiwe mbele ya mashahidi, au zipitie benki. Karatasi ziwe tatu, moja yako, moja ya mnunuzi, moja ofisi ya kijiji. Yako usiifiche ndani ya nyumba uliyoiuza. Nimekwisha kuona mtu akimwomba mwenye nyumba mpya ruhusa ya kutafuta darini.