Baiskeli Isiyoonekana Kwenye Ramani



Hapa Busia hapana haja ya kumfundisha mtu thamani ya baiskeli. Jina boda boda, lililoenea leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa mpakani, vijana walipowabeba wasafiri kwa baiskeli kati ya kituo cha Uganda na kile cha Kenya. Hata hivyo, barabara aghalabu hupangwa kwa kuhesabu magari na malori. Baiskeli hupita kando ya hesabu kama ipitavyo kando ya lami.

Wenzetu kwingineko wameitumia simu kuziba pengo hilo. Mwaka 2009 mamlaka ya usafiri ya San Francisco, Marekani, ilitoa programu iitwayo CycleTracks. Mwendeshaji aliiwasha aanzapo safari, simu ikaandika njia yake kwa msaada wa setilaiti, naye akaeleza anakwenda kazini au dukani. Ikabainika kwamba watu huepuka vilima vikali na hupendelea barabara zenye njia ya baiskeli. Baadaye jimbo la Oregon lilinunua takwimu za Strava, programu ipendwayo na wafanya mazoezi.

Lakini simu humhesabu aliye nayo tu. Watumiaji wa Strava ni sehemu ndogo ya waendeshaji, na wengi wao ni wanaume. Ndiyo maana takwimu hizo hulinganishwa na hesabu ya barabarani. Mjini Portland, mwaka 2012, kiliwekwa kifaa cha kuhesabu baiskeli kwenye Daraja la Hawthorne. Kwetu sisi, mbeba ndizi na mchuuzi wa mkaa hawana programu hiyo. Tukiiamini simu peke yake, taa zitawekwa wapitapo wachache, na wengi wataendelea kubanana na malori gizani.

Lipo na jambo la pili. Mwaka 2017 Strava ilitangaza ramani ya dunia iliyoonyesha njia za watumiaji wake. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia akaona kwamba ramani hiyo imeanika kambi za kijeshi. Iliyofichua kambi yaweza kufichua mlango wa nyumba yako. Nanyi mnaoishi mpakani mna haki ya kuuliza: je, polisi wakijua ninapopita, watanifuata?

Tunajibu waziwazi. Hesabu ya usalama wa barabarani haipasi kugeuzwa mtego. Hatuhitaji jina lako, namba yako ya simu wala nyumba yako. Tunahitaji idadi, saa na mahali. Atakayerekodi safari kwa simu na aanze na kumaliza mbali na kwake, na asilazimishwe na yeyote.

Kwa asiye na simu, daftari na kalamu vyatosha. Tunaviomba vyama vya waendeshaji viweke mtu wa kuhesabu kwenye makutano, asubuhi na jioni, siku ya soko na siku ya kawaida. Akina mama nao watuonyeshe mahali wanapoogopa kupita.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya barabara hii mnaijua ninyi. Tuelezeni, kabla ajali haijatueleza.