Aibu Ndiyo Iliyonichelewesha

Maneno ya mzee wa sauti ya besi kwa wanakwaya na washirika, katika jubilii ya miaka 25 ya kwaya yetu, Isinya

Nimeombwa niseme jinsi mtu anavyoweza kuwa bora kuliko alivyokuwa jana. Mimi si msomi. Nitasema yale yaliyonipata.

Tulipoanza kwaya hii nilikuwa mchungaji wa ng'ombe. Miaka mitano ya kwanza nilisimama mstari wa nyuma nikiwa nimeshika kitabu cha nyimbo, na sikujua kusoma hata neno moja. Nyimbo nilizishika kwa masikio. Jirani yangu akifunua ukurasa, nami nafunua. Siku moja mwalimu wa kwaya aliniomba nisome somo la siku. Nilimwambia nimesahau miwani nyumbani. Ndugu zangu, sikuwa na miwani.

Kuficha huko kuliniletea hasara. Watu walipokuwa wakitafuta mashamba huku kwetu, nilikubali kuuza ekari mbili nilipe karo ya sekondari ya kijana wangu. Karatasi ikaletwa, nikaweka kidole gumba. Ilikuwa imeandikwa ekari tano. Sikuthubutu kuomba mtu anisomee, kwa sababu wote walinijua kama mwimbaji mwenye kitabu. Mama watoto hakunigombeza. Alinyamaza siku tatu. Afadhali angenigombeza.

Mwaka 2004 tukasikia redioni habari za mzee Kimani Maruge wa Eldoret. Serikali ilikuwa imeondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003. Januari iliyofuata mzee huyo, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo. Alisema anataka kujisomea Biblia, aone kama mhubiri anafuata yaliyoandikwa. Mimi nilikuwa na miaka 41. Nikajiuliza, ni nini kinachonizuia mimi? Ilikuwa aibu tu.

Basi hizi ndizo hatua nilizofuata.

Ya kwanza, taja jambo moja na umwambie mtu mmoja. Usiseme "nataka kubadilika." Kubadilika wapi? Mimi nilimwambia mama watoto usiku, "Sijui kusoma, na nimechoka kudanganya." Akasema alijua tangu zamani, alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Siri ikishatoka, nusu ya mzigo imetua.

Ya pili, liwekee saa. Nia isiyo na saa hupotea kama maji kwenye mchanga. Sisi tulichagua nusu saa baada ya chakula cha jioni, mezani, kando ya taa. Hatukungoja siku ya nafasi, maana mtu mwenye mifugo hana siku ya nafasi. Kwaya hii pia haikujifunza wimbo wowote kwa siku moja. Tulishika mstari mmoja, tukarudia, ndipo tukaenda kwa mwingine.

Ya tatu, kubali kusahihishwa, hata na mdogo wako. Mwalimu wangu alikuwa binti yangu wa darasa la tatu. "Papa, hiyo si b, ni d." Kwa mzee wa Kimaasai neno hilo ni chungu. Lakini hapa kwayani, mwalimu akisema besi wameshuka, hatumuulizi ana miaka mingapi. Tunapanda. Baadaye nilijiunga na ngumbaru, nikakuta wazee wenzangu wakificha madaftari chini ya shuka.

Ya nne, ukianguka, rudi. Ukame wa 2009 ulinipeleka mbali na ng'ombe kutafuta nyasi. Niliporudi, ng'ombe walikuwa wachache na herufi nyingi nilikuwa nimesahau. Nilitaka kuacha. Nikamkumbuka Maruge. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 alipoteza mali yake akaishi kambini, kilomita nne kutoka shuleni, na bado alikwenda darasani. Alipohamia Nairobi alijiandikisha tena katika shule nyingine. Alifariki mwaka 2009 akiwa bado hajamaliza shule ya msingi. Je, alishindwa? Hapana. Nami nikafungua daftari, nikaanza tena na a.

Ya tano, ulichopata kimfae mwingine. Ekari zile tatu hazikurudi. Lakini leo jirani akiletewa karatasi ya shamba, huja kwangu kwanza. Namsomea polepole, namba kwa namba, kabla hajaweka kidole. Na Jumapili moja mwalimu wa kwaya aliponiomba tena nisome somo, nilisimama nikasoma. Nilikwama mara mbili. Mama watoto alilia, na mimi sauti ikanikauka.

Wapendwa, huenda shida yako si kusoma. Huenda ni hasira, au deni unalolificha nyumbani, au pombe, au ndugu mnayeimba pamoja na hamsalimiani. Leo kabla hujalala, litaje kwa mtu mmoja unayemwamini. Kesho lipatie saa yake. Usingoje jubilii nyingine.

Na kama yuko hapa mtu anayefunua ukurasa kwa kumtazama jirani, aje kwangu baada ya mazoezi ya Jumamosi. Daftari ninalo na kalamu ninayo. Sitamwambia mtu.

Mungu awabariki, na aibariki kwaya yetu.