Kukaza na Kulegeza Nati za Baiskeli



Leo tunazungumza juu ya nati. Hapa kwetu Litumbandyosi pikipiki zimeongezeka, lakini baiskeli bado inapeleka mahindi mashineni na mgonjwa zahanati. Pedeli ikichomoka kwenye mteremko, na gunia liko nyuma, mwendeshaji anavunjika.

Tulimkuta kijana mmoja akihangaika na pedeli ya kushoto. Nati zote alizowahi kufungua alizizungusha kushoto, na hii akaizungusha hivyo hivyo. Haikusogea. Akachomeka bomba refu kwenye spana, akaliegemea kwa uzito wake wote. Kumbe anakaza! Mistari ya ndani ya mkono wa pedeli ikaliwa, na mkono mzima ukawa wa kutupwa.

Nati karibu zote hukazwa kwa kuzungushwa kulia, kama mishale ya saa inavyokwenda, na hulegezwa kushoto. Pedeli ya kulia ni hivyo. Ya kushoto ni kinyume, wala waliotengeneza hawakukosea. Wangeifanya kama ya kulia, mzunguko wa miguu yetu ungeilegeza kidogo kidogo njiani mpaka ianguke.

Hapo ndipo kusoma kunapotusaidia. Tazama mwisho wa ekseli ya pedeli. Pedeli nyingi zimepigwa herufi: L ni ya kushoto, R ni ya kulia. Spana nayo ina namba, na pedeli nyingi hutaka 15. Spana kubwa mno huteleza, ikala pembe za nati. Hata ile spana malaya (mtusamehe, ndivyo mafundi wanavyoiita) ikilegea hufanya vivyo hivyo.

Herufi zimefutika? Simamisha spana ielekee juu. Ukiivuta kuelekea gurudumu la nyuma, unalegeza. Ukiisukuma kuelekea la mbele, unakaza. Ni hivyo kwa pedeli zote mbili.

Nati ikishika kutu usikimbilie nyundo. Isugue, tia mafuta ya taa, iache mpaka kesho. Na wakati wa kurudisha anza kwa vidole, bila spana. Ikikwama mapema, imeingia upande. Itoe, uanze upya.

Nati mbili za gurudumu zikazwe kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, gurudumu lisivutwe upande. Koni ndizo zinazotaka uvumilivu. Ukizikaza mno gololi husagika, ukizilegeza mno gurudumu hucheza. Kaza mpaka lisicheze, lakini lizunguke kwa wepesi ukilisukuma kwa kidole. Kisha shikilia koni kwa spana moja, na kwa nyingine kaza nati ya kuifungia. Usipoishikilia, itazunguka pamoja na nati, na kazi yote itaharibika.

Haya, mwenye baiskeli ailete hapa uani tuipindue. Tutaanza na pedeli ya kushoto.