Barua za Shaaban Robert na Sanduku la Nyumbani
Hotuba kwa wenyeji wa Ahero na uwanda wa Kano



Nyumba nyingi za Kano zina sanduku la bati lenye kufuli. Ndani yake mna hati ya shamba, vyeti vya ubatizo na risiti za karo, na chini kabisa mna barua. Barua hizo aliziandika baba au babu alipokuwa kazini katika mashamba ya chai ya Kericho, au Nairobi, au Mombasa. Wengi huzihesabu kuwa karatasi zilizokwisha kazi. Hotuba hii yahusu karatasi za namna hiyo. Itaeleza habari za ndugu wawili, mmoja aliyeandika barua na mwingine aliyezitunza, ili kila mwenye sanduku apate faida.

Mwandishi ni Shaaban Robert, ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili wamjua kwa vitabu vyake. Alizaliwa tarehe 1 Januari mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam toka mwaka 1922 hata 1926, kisha akaingia kazi ya Serikali ya Tanganyika, akawa karani wa Forodha huko Pangani. Mwaka 1944 alihamia Idara ya Mifugo, na kazi hiyo ikamfikisha Longido na Mpwapwa, mbali na bahari aliyoizoea. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akatumika katika ofisi ya Jimbo, na baadaye katika ofisi ya upimaji wa ardhi. Mchana alikuwa karani kama makarani wengine. Mashairi na vitabu aliviandika katika saa zilizobaki.

Jina lake lilianza kujulikana kwa njia ya gazeti. Toka mwaka 1923 Serikali ya Tanganyika ilikuwa ikichapisha gazeti la Kiswahili liitwalo Mambo Leo, na gazeti hilo lilikuwa na mahali pa mashairi. Mtunzi wa siku zile hakuhitaji mali nyingi. Alihitaji kalamu, karatasi na stempu. Shairi lake lilisafiri kwa posta kama barua yoyote, likachapishwa, likasomwa katika miji ya mbali, na huenda mtunzi mwingine asiyemjua akamjibu kwa mizani na vina vile vile. Katika beti za mwisho watunzi wengi walitaja majina yao na miji yao, kama mtu atiavyo sahihi chini ya barua. Hivyo watu wasioonana kwa macho walijuana kwa beti, wakashindana, wakasahihishana na kupeana heshima.

Desturi ya kuandikiana aliifuata hata nyumbani kwake. Utenzi wake uitwao Hati, uliomo katika habari za maisha yake, ni wasia wa baba kwa binti yake. Mtoto hupewa shauri la mzazi katika maandishi, ili alisome tena siku ambayo mzazi hayupo. Jina lenyewe latosha kuonyesha nia: neno lililosemwa hupita, na hati hubaki.

Lakini akiba kubwa ya maandishi yake ya faragha ni barua alizompelekea mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo zaanza mwaka 1931 na kwisha mwaka 1958, yaani muda wa miaka 27. Barua ya kwanza iliandikwa na kijana wa miaka 22, karani ambaye alikuwa bado hajatoa kitabu. Ya mwisho iliandikwa na mtu aliyekaribia miaka 50, ambaye kitabu chake Kusadikika kilikuwa kimekwisha kutoka mwaka 1951. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na Vita Kuu ya Pili, uhamisho wa kazi, na misiba ya nyumbani.

Kitabu huandikwa kwa watu wote, na kabla ya kutoka husomwa na kusahihishwa mara nyingi. Barua huandikwa kwa mtu mmoja, nayo ina tarehe na mahali juu yake. Mtu akitaka kujua siku fulani mwandishi alikuwa wapi, na alimweleza nini ndugu yake kabla ya kujua mambo yatakavyokwisha, barua ndiyo shahidi.

Shaaban Robert alifariki mwezi wa Juni mwaka 1962. Baadhi ya vitabu vyake vilikuwa bado havijachapishwa: Kufikirika kilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Barua zilikaa zaidi. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo chake, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizichapisha kuwa kitabu. Laiti mdogo wake angalizitupa zile za mwanzo, zilizotoka kwa karani asiye na sifa, hapana fedha ambayo ingaliweza kuzirudisha. Yusuf Ulenge aliziweka kwa kuwa zilitoka kwa kaka yake. Nchi ilikuja kufaidika baadaye.

Sasa turudi Ahero. Barua za nyumba za hapa zina adui watatu, nao ni maji, mchwa na kutojali. Maji yajulikana na wote. Mvua za mwaka 1961 ziliinua ziwa kwa kiasi cha mita mbili kufikia mwaka 1964. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, na mwaka 2024 mafuriko yaliwatoa watu wengi wa Kano majumbani mwao. Mto Nyando ukivunja kingo, mtu hukimbiza watoto, mifugo na chakula, na ndivyo ipasavyo. Sanduku lililowekwa sakafuni huachwa. Mchwa hula polepole bila kelele. Mwenye kutojali naye huchukua barua ya babu akawashia moto, au akafungia karanga.

Dawa yake si ya gharama. Sanduku liwekwe juu ya meza au rafu imara, mbali na ukuta wa udongo. Barua zikiwa kavu kabisa zitiwe katika chombo kisichopitisha maji, bila pini, kwa maana pini hushika kutu. Nyuma ya kila bahasha paandikwe kwa penseli jina la mwandishi, la aliyeandikiwa, na mwaka. Kazi hiyo ifanywe wakati bibi yu hai, kwa sababu yeye ndiye ajuaye majina yaliyomo. Barua zikilowa, zitenganishwe kwa upole na kuanikwa kivulini, wala si juani wala karibu na moto. Mwenye simu azipige picha, na picha hizo azipeleke kwa ndugu aliye Kisumu au mahali pengine pa mbali, ili hasara ya nyumba moja isiwe hasara ya ukoo mzima.

Tena adabu yapasa. Barua iliandikwa kwa mtu mmoja, na huenda ina siri ya ugomvi, ya deni au ya ugonjwa. Kuitunza si ruhusa ya kuitangaza. Mwenyewe akiwa hai aulizwe. Akiwa amefariki, wazee wa nyumba wakae washauriane.

Vijana nao wana sehemu yao. Siku hizi habari hupelekwa kwa simu, na simu ikiharibika au kuibwa, maneno ya miaka mingi huenda nayo. Kijana aliye mbali amwandikie mzazi wake walau barua moja kwa mwaka, kwa mkono wake, na tarehe juu.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye sanduku na alifungue jioni ya leo, atazame kama chini ni kukavu.